Röntgen, bwana wa eksirei aliyekataa kuuza ugunduzi wake

Mtu akivunjika mkono hukimbizwa hospitali akapigwe eksirei. Wachache wanamkumbuka aliyegundua miale hiyo, na wachache zaidi wanajua kwamba leo inatumika katika kusaka mafuta yasiyochafua hewa.

Wilhelm Röntgen alizaliwa mwaka 1845 mjini Lennep, Ujerumani, akakulia Uholanzi. Alifukuzwa shule mjini Utrecht kwa sababu ya kibonzo cha mwalimu alichokichora mwenzake. Yeye alikataa kumtaja. Akaenda Zurich, Uswisi, akasomea uhandisi, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari.

Jioni ya Novemba 8, 1895, akiwa profesa mjini Würzburg, alipitisha umeme katika bomba la kioo lililofunikwa karatasi nyeusi. Kando yake, kibao kilichopakwa kemikali kikang'aa gizani. Alijifungia maabarani kwa majuma kadhaa, kisha Desemba 22 akaupiga picha mkono wa mkewe, Bertha. Mifupa na pete vikaonekana.

Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Fedha zake alikiachia chuo kikuu cha Würzburg, na hataza hakuichukua, ili kila mtu anufaike.

Mwaka 1912, katika chuo kikuu cha Munich alikofundisha, Max von Laue na wanafunzi wawili wa Röntgen walipitisha miale hiyo kwenye fuwele. Ikawafichulia jinsi atomu zilivyojipanga.

Hapo ndipo watafiti wa mafuta safi walipopata jicho. Hewa ya kaboni dioksidi na haidrojeni hugeuzwa kuwa methanoli kwa msaada wa kichocheo, mathalani chembe za shaba na zinki. Lakini chembe hizo hugandamana, nguvu zikapungua. Mtafiti hukimulika kichocheo kikiwa kazini, katika joto na shinikizo, akaona kinavyobadilika bila kukifungua.

Röntgen alifariki Munich Februari 10, 1923, kwa saratani. Mkewe alikuwa ameshamtangulia, na akiba yake ilikuwa imeliwa na mfumko wa bei.

Angeuza ugunduzi wake, huenda angezeeka kwa raha. Wanaosaka mafuta safi leo wanatumia jicho walilopewa bure. Wakiyafungia watakayoyaona, sisi wengine tutabaki wanunuzi tu. Wema wa mzee huyu haujaoza. Swali ni kama wao watauendeleza.