John Allen na Reli ya Chumbani

Marehemu John Allen, Mmarekani aliyezaliwa 1913, alikuwa mpiga picha. Mwaka 1946 alianza kujenga reli ya kuigiza, treni zake sehemu moja ya 87 ya zile za kweli.

Nyumbani kwake Monterey, California, alikuwa na chumba cha chini tu, na reli yataka masafa. Basi akaenda juu. Alifinyanga milima toka sakafuni hadi karibu na dari, njia zikapanda zikizunguka, hii juu ya ile, mara darajani, mara handakini. Kinachonishangaza mimi ni vioo: alivificha kati ya majumba, mtazamaji akadhani mji haukomi. Hila, naam, lakini hila ya halali! Hata mabehewa aliyapaka rangi yaonekane yamechakaa kwa mvua na moshi. Reli yake ya kwanza, ndogo mfano wa meza, aliitia ndani ya hii kubwa.

Tarehe 6 Januari 1973 alifariki kwa maradhi ya moyo, kazi haijesha. Siku kama kumi baadaye nyumba ikashika moto, na sehemu kubwa ya reli ikateketea. Zilisalia picha alizozipiga kwa mkono wake, na wajenzi wa reli ndogo wangali wakizichungua.