Hans Meyer na Safari ya Kilele cha Kilimanjaro

Tarehe 6 Oktoba 1889, majira ya asubuhi, wanaume wawili walisimama mahali palipo juu kuliko pote barani Afrika. Mmoja alikuwa Hans Meyer, mwanajiografia kutoka Leipzig, Ujerumani. Mwingine alikuwa Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo na mpanda milima mashuhuri wa Austria, ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 40 ya kuzaliwa. Hao ndio wa kwanza waliowekewa kumbukumbu ya maandishi kuwa wamefika kilele cha Kibo. Historia imelihifadhi jina la Meyer. Ni haki tuyajue maisha yake, na pia tuwajue waliomwezesha kufika huko.

Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen. Babu yake, Joseph Meyer, ndiye aliyeanzisha shirika la uchapaji la Bibliographisches Institut, lililojulikana kote Ujerumani kwa kamusi elezo yake. Kijana huyo alikulia katika nyumba ya vitabu na mali. Angeweza kuishi maisha yake yote katika utulivu wa ofisi, lakini moyo wake ulivutwa na nchi za mbali, na hasa na mlima uliokuwa na barafu karibu na mstari wa ikweta. Tangu mmisionari Johannes Rebmann alipouona mwaka 1848 na kuandika habari zake, wataalamu kadhaa wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa chini ya jua la Afrika.

Meyer alijaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Alipita katika msitu, akavuka nyika za juu, akaufikia ukingo wa barafu ya Kibo. Hapo ukuta wa barafu ulimzuia. Hakuwa na zana za kuukatia wala mwenzi aliyezoea kazi hiyo, akalazimika kushuka.

Mwaka uliofuata alirudi akiwa na Oscar Baumann, mtafiti wa Austria, pamoja na msafara mkubwa wa wapagazi. Safari hii hata mlima hawakuufikia. Huo ndio mwaka watu wa mwambao walipoinuka chini ya Abushiri bin Salim kuipinga Kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuitwaa pwani yao. Wapagazi wengi walitoroka, nao Meyer na Baumann wakakamatwa walipokuwa wakirejea pwani, wakafungwa minyororo, na hawakuachiliwa mpaka fidia ilipolipwa. Hayo yalitokea pande za Pangani, yaani ule mji wa kale ulio kwenye mlango wa mto, mkoani Tanga, si Pangani yetu ya Kibaha. Hata hivyo vita hiyo iligusa pia vilima vyetu. Tarehe 13 Januari 1889 misioni changa ya Wabenediktini huko Pugu, jirani na Kisarawe, ilivamiwa. Watawa watatu waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka.

Mtu aliyewahi kuvaa minyororo angeweza kusema imetosha. Meyer hakukata tamaa, wala hakurudia makosa yale yale. Mwaka 1889 alimchukua Purtscheller, bingwa wa barafu, akapitia Mombasa na Taveta hadi Marangu, ambako Mangi Marealle alimkaribisha. Badala ya kutaka kuufikia mlima kwa mkupuo mmoja, alipanga kambi kwa hatua: kambi kubwa Marangu, nyingine juu ya msitu, na ya tatu kwenye uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kwenye kimo cha mita 4,300 hivi. Wapagazi walipanda na kushuka kila baada ya siku chache wakipeleka chakula. Kwa njia hiyo wapandaji waliweza kushindwa leo wakajaribu tena kesho, bila kufukuzwa mlimani na njaa.

Njia yenyewe ilianzia kwenye migomba ya Wachaga na mifereji yao ya maji, ikaingia msituni. Humo miti mirefu imevikwa kuvumwani, ukungu hutanda hata adhuhuri, na ardhi ina utelezi. Mahali pengine mapito yalikuwa yale yaliyokanyagwa na tembo. Katika kimo cha karibu mita 3,000 msitu hukoma, vichaka na nyasi hufuata, kisha mawe na vumbi, na mwisho barafu.

Tarehe 3 Oktoba wanaume hao wawili waliondoka usiku wa manane, wakakata ngazi katika barafu kwa shoka, ngazi moja baada ya nyingine. Mchana walifika kwenye ukingo wa kreta. Ndipo walipogundua kwamba kilele chenyewe kilikuwa bado upande wa pili, na muda haukuwatosha. Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi tu. Waligeuka wakashuka. Siku tatu baadaye walipanda tena, safari hii wakiwa wamelala pangoni karibu zaidi na barafu, wakafika. Kama wangeng'ang'ania siku ile ya kwanza, yamkini wasingerudi. Kugeuka nyuma kwa wakati wake ni tunda la busara, na busara ni fadhila.

Na hapo ndipo tumtaje Mwini Amani, mwenyeji wa Pangani. Wapagazi wengine waliposhuka kuikimbia baridi, yeye alibaki katika kambi ya juu kwa zaidi ya majuma mawili, akiwapikia, akitunza moto na kuwangojea. Hakufika kileleni, lakini bila yeye kilele kisingefikiwa. Mapokeo ya Marangu humtaja pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa miongoni mwa vijana walioongoza njia. Hakuna kilele kilichopewa majina yao.

Meyer alikiita kilele hicho kwa jina la Kaisari wake, Wilhelm, na jiwe kutoka mlimani akampelekea zawadi, likawekwa katika jumba la kifalme la Potsdam. Jina hilo halikudumu. Nchi yetu ilipojipatia uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwenge ulipandishwa huko juu, nacho kilele chenye mita 5,895 kikaitwa Uhuru.

Baadaye Meyer alirudi Kilimanjaro mwaka 1898, akaona barafu imeanza kupungua. Alisafiri pia katika milima ya Ekuado na nchi za maziwa makuu, akaandika kitabu juu ya Warundi, akafundisha jiografia katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Alifariki katika mji huo tarehe 5 Julai 1929.

Alichokiona mwaka 1898 kimeendelea. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililopimwa mwaka 1912 halipo tena. Lakini kinachowanywesha watu walio chini ya mlima ni zaidi ule msitu ambao wapandaji huupita kwa haraka wakiwaza kilele, kwani ndio unaonasa mvua na ukungu na kulisha chemchemi. Sisi wa Kibaha na Kisarawe twalijua jambo hilo kwa njia yetu, maana maji ya Ruvu tunayochota hushuka kutoka misitu ya Uluguru. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kuwa uumbaji ni nyumba ya wote. Anayelinda msitu hafanani na anayesimama kileleni kupigwa picha. Anafanana na Mwini Amani, aliyebaki kambini na kuutunza moto.