Gregor Mendel: Mtawa aliyeifichua siri ya urithi kwenye bustani ya njegere

Baba na mama wote ni weusi, lakini mtoto anazaliwa na ualbino. Mara nyingi lawama humwangukia mama: ataambiwa ametoka nje ya ndoa, au kuna mkono wa mtu. Aliyetupa ufunguo wa kulielewa jambo hili alikuwa mtoto wa mkulima wa Ulaya.

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kipo Jamhuri ya Cheki. Baba yake aliumizwa na mti, na ada ya shule ikawa shida. Mdogo wake wa kike, Theresia, akatoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya kuolewa ili kaka yake asome. Mendel hakusahau. Baadaye aliwasaidia watoto wa Theresia kupata elimu.

Mwaka 1843 aliingia utawa mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alifundisha shule, ingawa mtihani wa cheti cha ualimu aliujaribu mara mbili bila kufaulu.

Kuanzia mwaka 1856 alianza kuchavusha njegere kwa mkono katika bustani ya watawa. Alipochanganya njegere ndefu na fupi, watoto wote walitoka warefu. Ungedhani ufupi umepotea. Lakini mimea hiyo mirefu ilipojichavusha yenyewe, kizazi kilichofuata kilikuwa na mirefu 787 na mifupi 277, yaani karibu mitatu kwa mmoja.

Mendel akang'amua kwamba kila sifa huja kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja inaweza kuifunika nyingine, lakini iliyofunikwa haifi. Ikikutana na mwenzake, hujitokeza.

Alisoma matokeo yake mbele ya wanasayansi wa Brno mwaka 1865, lakini wachache walijali. Mwaka 1868 akawa mkuu wa monasteri, na mvutano na serikali kuhusu kodi ukamla muda. Alifariki Januari 6, 1884, bila kujua kwamba mwaka 1900 wanasayansi wengine wangefikia matokeo yaleyale na kulifufua jina lake.

Si kila sifa hufuata hesabu hii nyepesi. Urefu wa binadamu, kwa mfano, hutegemea vinasaba vingi pamoja na lishe. Lakini ualbino ulioenea zaidi Afrika Mashariki hurithiwa kama ule ufupi wa njegere. Baba na mama wanaweza kubeba kinasaba hicho bila kujua. Wakiwa nacho wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino.

Kwa hiyo mtoto huyo ni wa baba yake na wa mama yake. Amepokea nakala moja kutoka kwa kila mmoja wao.