Macleod: Mcheza Karata Aliyewaponyoka Walowezi

Katika miaka ya 1990, siku si nyingi baada ya Makueni kukatwa kutoka Machakos ikawa wilaya peke yake, nilikwenda Kitui arusini. Baada ya sala ya alasiri nikaketi barazani na wazee wa mtaa. Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja wa Kikamba, karani mstaafu wa serikali, aliyepata kutumika Kitui na Makueni enzi za mkoloni. Vijana karibu yetu walikuwa wakicheza karata. Mzee akawatazama kwa muda, kisha akaniuliza kama najua kuwa kura aliyoipata Mkamba, na Mgiriama, na mimi Mswahili, ilipitia mikononi mwa mcheza karata. Nilidhani ananitania. Akanitajia jina: Iain Macleod.

Sisi tuliosoma chuoni tulilelewa kuziogopa karata. Mwalimu akikukuta nazo, bakora haikukosa. Na kamari ni haramu, hilo halina mjadala. Kwa hivyo sitamsifu marehemu huyu kwa pesa alizozipata mezani. Lakini huwezi kuisimulia habari ya uhuru wa Kenya, na wa Tanganyika pia, ukamruka Macleod, wala huwezi kumsimulia Macleod ukaziruka karata.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1913 katika mji wa Skipton, kaskazini ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa Lewis, kisiwa cha Uskochi, na baba yake alikuwa daktari. Alisoma Cambridge, na huko vitabu havikumshughulisha kama ulivyomshughulisha mchezo wa briji. Mezani ndipo alipojuana na mkubwa wa kampuni ya De La Rue, akapewa kazi. Kampuni hiyo ilikuwa ikichapisha karata za kuchezea na noti za benki, na hata zile noti za shilingi za Afrika Mashariki tulizozitumia kabla ya uhuru zilitoka kwake. Kazi hakudumu nayo. Usiku kucha alikuwa mezani akicheza kwa pesa, asubuhi akifika ofisini usingizi umemjaa. Mwisho akaachana nayo, akawa anaishi kwa karata tu.

Wakati huo, London, palikuwa na kundi la vijana waliokuwa wakitunga njia mpya ya kunadi katika briji. Waliiita Acol, kwa jina la barabara penye klabu yao. Walioianza ni Jack Marx na S. J. Simon, na Macleod akawa mmoja wa waliosaidia kuikamilisha. Mwaka 1937 alikuwa katika timu iliyotwaa Kombe la Dhahabu, kombe kubwa la briji Uingereza, na mwaka 1952 akatoa kitabu chake cha kuufundisha mchezo huo.

Hapa msomaji nivumilie kidogo, maana bila ya kulielewa jambo moja la briji habari yote itakupotea. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja na karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila mtu kwa zamu yake anataja ni mizunguko mingapi yeye na mwenziwe wataichukua, na aina gani iwe turufu, kopa, uru, shupaza au pao. Maneno mengine hayaruhusiwi, kwa hivyo maneno ya mnada yenyewe hugeuka ishara. Mpinzani akifungua kwa kopa, nawe ukasema dabo, kwa asili maana yake ni kuwa hesabu iongezwe mara mbili. Lakini wachezaji wamekubaliana kuwa dabo ya namna hii ni ombi: mwenzangu, chagua wewe katika hizo aina tatu zilizobaki, lolote utakalolichagua nitakuunga mkono.

Kanuni inataka anayesema hivyo awe na kopa chache, na hizo aina tatu awe nazo za kutosha. Basi hutokea mtu ana mkono wenye nguvu, wazungu wamejaa (sisi watu wa pwani tuliziita zile picha wazungu, wa pili, wa tatu na wa nne), ila umbo lake halikukaa sawa: shupaza na uru anazo, pao anazo mbili tu. Mwanafunzi hufundishwa anyamaze. Lakini kunyamaza nako kuna hasara yake, pengine kubwa zaidi, na mchezaji mzoefu mara nyingine husema dabo hivyo hivyo, huku akiomba moyoni mwenziwe asichague pao. Akiichagua, itambidi atafute njia ya kujitoa.

Yule mzee wa Kitui ndiye aliyenieleza hayo, kwa vijiti mchangani. Alijifunza kwa kuwatazama Waingereza wakicheza jioni. Na ndiye aliyeniambia kuwa alichokifanya Macleod Kenya kilikuwa dabo ya mkono usiokaa sawa. Nimelipima neno hilo miaka yote hii, sijaona la kulishinda.

Turudi kwa mtu wetu. Vita vya pili vilimchukua jeshini. Mwaka 1940 huko Ufaransa aliumia paja, akachechemea maisha yake yote, na baadaye maradhi ya uti wa mgongo yakamkakamaza shingo. Mwaka 1950 aliingia Bungeni kwa chama cha Konsavativu, miaka miwili baadaye akawa Waziri wa Afya, kisha wa Kazi. Oktoba 1959 akapewa Wizara ya Makoloni.

Aliikuta Kenya imo katika Hali ya Hatari. Miezi saba nyuma, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walikuwa wamepigwa mpaka wakafa katika kambi ya Hola, kwenye Mto Tana. Macleod aliona kuwa Waingereza hawana tena njia ya kuitawala Afrika ila kwa kumwaga damu, na kwamba kwenda pole pole kuna hatari kubwa kuliko kwenda mbio. Disemba alikuja mwenyewe kutazama. Ndugu yake, Rhoderick, alikuwa akiishi papa hapa Kenya, na siasa yake ilikuwa ya upande wa Michael Blundell, mlowezi aliyekubali kukaa na Waafrika.

Tarehe 18 Januari 1960 mkutano ukafunguliwa katika jumba la Lancaster, London. Wajumbe wa Kiafrika waliongozwa na Ronald Ngala wetu, katibu wao akiwa Tom Mboya. Na mle mlikuwa na James Nzau Muimi, ambaye watu wa Ukambani walimpeleka Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa 1957. Mkutano nusura uvunjike siku za mwanzo. Waafrika walimtaka Mbiu Koinange awe mshauri wao, walowezi hawakutaka hata kumwona. Macleod akatoa hati ya kuingilia isiyoandikwa jina, wajaze wenyewe. Koinange akaingia ndani ya jumba, ila chumba cha mkutano hakukanyaga. Kila upande ukarudi kitini ukijiona umeshinda. Hizo ndizo karata.

Mwezi wa Februari ulipokaribia kwisha, mambo yakawa yamegeuka. Baraza jipya lingekuwa na viti 53 vya kuchaguliwa, 33 wazi kwa wote, na 20 vilivyotengwa: 10 vya Wazungu, 8 vya Wahindi na 2 vya Waarabu, juu ya hivyo wajumbe 12 wa kitaifa. Kwa mara ya kwanza Mwafrika alihakikishiwa kuwa wengi. Blundell aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimrushia vipande vya fedha miguuni, kumfananisha na msaliti.

Sasa ile pao. Macleod alikuwa amewaambia Waafrika wachague. Aina moja hakuwa nayo mkononi, nayo ni Kenyatta. Gavana Renison alikwisha kumsema Mzee hadharani mwaka ule ule wa 1960 kwa maneno ya giza na mauti, na Macleod hakuwa tayari kumfungua mara moja. Uchaguzi wa Februari 1961 ulipofanywa, KANU ilishinda kwa viti 19, KADU 11, na KANU ikajibu kwa aina ile ile iliyoogopwa: hakuna serikali bila ya Kenyatta. Nchi ikakwama wiki kadhaa. Ngala na KADU, pamoja na Blundell, wakaunda serikali Aprili. Agosti 1961 Kenyatta akawa huru Gatundu. Huko Ukambani walikuwa na mtu wao katika shauri hilo, Paul Ngei, aliyefungwa pamoja naye Kapenguria.

Machi 1961, Lord Salisbury alisimama katika Baraza la Malodi akamtupia maneno ambayo hayakumtoka tena maisha yake. Alisema waziri huyu ni mwerevu kupita kiasi. Kwamba katika briji si kosa kumzidi mpinzani akili, lakini yeye ameuhamishia mchezo huo katika siasa, na waliowekwa mahali pa mpinzani ni Wazungu wenzake wa Afrika. Ilikusudiwa iwe tusi.

Aina nyingine aliyokosa ni sisi. Ukanda wa maili 10 wa pwani, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya mkataba wa 1895, haukuwa na jibu katika mpango wa Lancaster isipokuwa vile viti viwili. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliletwa kuyasikiliza madai ya Mwambao, akapendekeza ukanda uingie Kenya na makadhi walindwe, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa Oktoba 1963. Juni 1961 Unguja ilimwaga damu katika uchaguzi, watu 68 wakafa. Hayo nayo yamo katika hesabu yake, na Waislamu wa pwani wana haki ya kuyakumbuka kama wengine wanavyokumbuka Lancaster.

Oktoba 1961 aliondolewa wizarani. Uhuru wa Tanganyika, alioupangia tarehe pamoja na Mwalimu Nyerere katika mkutano wa Dar es Salaam, ulikuja Disemba akiwa ameshatoka. Mwaka 1968 Uingereza ilipowafungia mlango Wahindi wa Kenya wenye paspoti zake, alikipinga chama chake mwenyewe kwa kura, akishikilia kuwa ile ilikuwa ahadi iliyotolewa. Juni 1970 akawa Waziri wa Fedha. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 20 Julai, moyo ukasimama, akiwa na miaka 56. Alizikwa Gargrave, karibu na alikozaliwa.

Yule mzee wa Kitui hakumwita rafiki. Alisema tu kuwa alipoisikia habari ya kifo chake redioni, alifungua sanduku, akatoa karata zake kuukuu, akazihesabu, zikapungua moja.