Metchnikoff na Maziwa Lala

Kila niingiapo katika duka la dawa siku hizi huviona vikopo vya vidonge vyenye vijidudu hai ndani yake, navyo si vya bei rahisi. Watu huvinunua ili matumbo yao yatulie. Sisi watu wa Pwani tumekula wali kwa maziwa lala tangu zama za mababu bila ya kumwuliza daktari, kwa hivyo nimeona si vibaya leo kumweleza mtu aliyeufanya ulimwengu uamini kuwa wako vijidudu vya kheri. Mtu huyo ni Elie Metchnikoff, aliyefariki mwaka 1916.

Alizaliwa mwezi wa Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkov, katika nchi ambayo leo ni Ukraine na wakati ule ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Kwao akiitwa Ilya. Elie ni jina la Kifaransa alilolipata ugenini. Baba yake alikuwa afisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme na mwenye mashamba, na mama yake alitoka katika ukoo wa asili ya Kiyahudi. Masomo ya chuo kikuu yaliyowachukua wenzake miaka minne yeye aliyamaliza kwa miwili, na alipokuwa na umri wa miaka 25 alikwisha kuwa profesa mjini Odessa.

Lakini elimu haikumpa raha. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, binti mwenye maradhi ya kifua kikuu, aliyekuwa dhaifu hata siku ya harusi ikabidi abebwe kitini. Akamwuguza miaka minne, akampeleka huku na huku kutafuta hewa nzuri, mpaka bibi huyo akafariki katika kisiwa cha Madeira mwaka 1873. Metchnikoff alikata tamaa kabisa akajaribu kujiua, ila hakufa. Miaka miwili baadaye alioa tena, na mkewe wa pili, Olga, naye akapatwa na homa kali ya matumbo. Mara hii bwana alijidunga damu ya mgonjwa mwenye homa inayokwenda na kurudi, jamaa ya ile tuiitayo homa ya papasi. Akaugua sana, akapona, na mkewe akapona pia. Dini yetu inalikataza jambo hilo kwa ukali, na yeye hakuwa mtu wa dini hata kidogo. La ajabu ni kwamba alipoinuka kitandani safari ile ya pili alikuwa mtu mwingine, mwenye kuipenda dunia na kutaka kujua kwa nini mwanadamu huzeeka.

Mwaka 1882 aliacha kazi Odessa kwa sababu ya fujo za siasa chuoni, akaenda na jamaa zake Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa walikwenda kutazama michezo ya nyani, yeye akabaki nyumbani na darubini yake akichungulia vitoto vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao ni myeupe kama kioo hata huona yaliyomo ndani. Likamjia wazo. Akachukua miiba ya waridi bustanini akavichoma vile vitoto, na usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi aliona chembe ndogo ndogo za mwili zimeuzunguka mwiba pande zote, kama watu waliomzingira mwizi sokoni. Hapo alifahamu kuwa mwili una askari wake wenye kumla adui aingiaye, na kwamba usaha wa jipu ni alama ya vita hivyo. Wakubwa wengi walimpinga kwa miaka mingi, lakini mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Louis Pasteur alimkaribisha katika taasisi yake mjini Paris mwaka 1888, na huko Metchnikoff alikaa mpaka mwisho wa uhai wake. Kipindupindu ndicho kilichomwelekeza kwenye matumbo, maradhi ambayo Unguja iliyaonja vibaya mwaka 1869 na 1870. Mnamo mwaka 1892 alikunywa vijidudu vya kipindupindu kwa makusudi, asipate kitu. Mtu mwingine aliyejitolea naye akanywa, akasalimika. Wa tatu alikunywa, nusura afe. Basi kwa nini mmoja augue na mwenzake asiugue? Metchnikoff aliviotesha vijidudu vya namna mbalimbali pamoja, akaona vingine humsaidia adui kukua na vingine humzuia. Akasema huenda jibu liko katika wakazi wa tumbo wenyewe. Mimi naona hilo ndilo wazo lake kubwa kabisa kuhusu tumbo.

Kutoka hapo akapanda juu zaidi, pengine juu mno. Alidai kuwa utumbo mpana ni kama jaa, uchafu huoza mle na sumu yake ikaingia katika damu na kumzeesha mtu kabla ya wakati. Sasa akayatazama maziwa. Maziwa yaliyoganda hayaozi kama nyama iozavyo, kwa sababu vijidudu vyake hutoa asidi inayowafukuza waharibifu. Alisikia kuwa wakulima wa Bulgaria, wanywaji wa maziwa hayo, huishi umri mrefu sana, na mwaka 1905 kijana wa Kibulgaria aitwaye Stamen Grigorov, akisoma Geneva, alikiona kijidudu kilichomo. Mtu kusema ana miaka mia si sawa na kuwa nayo. Hata kwetu wazee wa namna hiyo tunao.

Tangu hotuba yake ya mwaka 1904 juu ya uzee watu wa Paris waliyakimbilia maziwa ya mgando, na wafanyabiashara wakatengeneza unga na vidonge na kuviuza kwa kulitaja jina lake. Mjini London daktari mpasuaji Arbuthnot Lane alifika hata kuwakata wagonjwa utumbo mpana mzima kwa ajili ya kufunga choo. Metchnikoff mwenyewe alikunywa maziwa yake kila siku, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau: maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yatiwe kijidudu safi. Hakula kitu kibichi. Yule anunuaye maziwa lala ya kibuyu asiyoyajua yalikotoka na ayakumbuke hayo, kwani maziwa mabichi huleta homa ya brusela.

Nadharia ya sumu ya utumbo haikudumu. Baada ya vita, Leo Rettger wa chuo cha Yale alionyesha kuwa kijidudu cha Bulgaria hakikai katika utumbo wa mtu. Lakini wazo la vijidudu rafiki lilibaki. Minoru Shirota wa Japani aliotesha cha kwake mwaka 1930, na kinywaji chake kikaanza kuuzwa mwaka 1935. Leo vitu hivi huitwa probayotiki. Baadhi yao huweza kupunguza kuendesha kunakotokana na dawa za antibayotiki, lakini kila aina ina kazi yake, na moja haijazi nafasi ya nyingine. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa matumbo cha Marekani kilisema kuwa kwa maradhi mengi ya tumbo ushahidi hautoshi. Mtoto anayeharisha ahitaji kwanza maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na mtoto njiti au mgonjwa aliye dhaifu sana asipewe vidonge hivi bila ya daktari. Tena gamba la kidonge mara nyingi ni jelatini, nayo yaweza kuwa ya nguruwe. Mwulize mwuza dawa kabla hujalipa.

Metchnikoff aliwahi kusema mtu aweza kufika miaka 150. Moyo wake ulianza kumsumbua wakati wa vita kuu, na alifariki Paris mwezi wa Julai 1916, akiwa na miaka 71. Waliomkejeli walicheka, ingawa yeye alikwisha kueleza kuwa ukoo wake haukuwa wa watu wa umri mrefu na kwamba maziwa aliyaanza akiwa mtu mzima. Kabla ya kukata roho alimwomba daktari mwenzake aipasue maiti yake na kuyatazama matumbo vizuri. Mwili ulichomwa moto kama alivyotaka, na majivu yake yamewekwa katika maktaba ya taasisi ya Pasteur.