Anton Chekhov

Anton Pavlovich Chekhov (Taganrog, 29 Januari 1860 – Badenweiler, Ujerumani, 15 Julai 1904) alikuwa daktari na mwandishi wa hadithi fupi na tamthilia kutoka nchini Urusi. Anahesabiwa kati ya mabingwa wakubwa wa hadithi fupi duniani. Tamthilia zake nne za mwisho, yaani Shakwe, Mjomba Vanya, Dada Watatu na Bustani ya Micheri, zinaendelea kuigizwa katika nchi nyingi.

Chekhov hakuanza kuandika kwa kutafuta sifa. Alianza akiwa mwanafunzi wa udaktari mwenye familia ya kulisha, akilipwa kopeki chache kwa kila mstari.

Familia na utoto

Chekhov alizaliwa Taganrog, mji wa bandari kwenye Bahari ya Azov, kusini mwa Urusi. Tarehe ya kuzaliwa kwake kwa kalenda ya Juliasi, iliyotumika Urusi wakati huo, ilikuwa 17 Januari. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita waliofikia utu uzima: wavulana watano na msichana mmoja.

Babu yake, Yegor, alizaliwa katika hali ya utumwa wa mashambani. Katika mfumo huo mkulima alikuwa mali ya mwenye ardhi na hakuruhusiwa kuondoka bila idhini yake. Mwaka 1841 Yegor alifaulu kununua uhuru wake na wa familia yake kwa rubli 3,500. Mfumo wenyewe ulifutwa Urusi mwaka 1861, mwaka mmoja baada ya Anton kuzaliwa.

Baba yake, Pavel, alikuwa na duka la rejareja. Alikuwa mtu wa dini, aliyeongoza kwaya ya kanisa na kuwalazimisha wanawe kuimba humo. Alikuwa pia mkali sana, na aliwapiga watoto wake mara kwa mara. Wavulana walitakiwa kukaa dukani baada ya masomo, hata nyakati za baridi kali, na mara nyingi Anton alifanyia kazi zake za shule kwenye meza ya kuuzia. Mama yake, Yevgeniya, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipenda kuwasimulia wanawe habari za safari alizofanya na baba yake sehemu mbalimbali za Urusi. Baadaye Chekhov aliona kwamba kipaji alikipata kwa baba na moyo aliupata kwa mama.

Elimu ya shule

Kwanza Anton alipelekwa katika shule ya Wagiriki waliokuwa wakiishi Taganrog, kwa kuwa baba yake alitumaini kwamba lugha yao ingemsaidia katika biashara. Mpango huo haukufanikiwa. Mwaka 1868 alihamia katika gimnasia ya mji, yaani shule ya sekondari ya wavulana iliyofundisha Kilatini na Kigiriki cha kale na kuwaandaa wanafunzi kwa chuo kikuu. Alijifunza pia ushonaji wa nguo katika shule ya ufundi.

Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Alirudia darasa mara mbili, na mojawapo ya masomo yaliyomwangusha ni Kigiriki cha kale. Hata hivyo alisoma vitabu vingi vya maktaba ya mji, na tangu mwaka 1873 alivutiwa sana na maigizo aliyoyaona katika jumba la michezo la Taganrog.

Kufilisika kwa baba

Mwaka 1876 Pavel alifilisika baada ya kukopa fedha za kujenga nyumba. Ili kukwepa kifungo cha wadeni alikimbilia Moscow, ambako wanawe wawili wakubwa, Aleksandr na Nikolai, walikuwa wakisoma. Baadaye mama na watoto wadogo walimfuata. Nyumba ilichukuliwa na mtu aliyekuwa mpangaji wao.

Anton, mwenye umri wa miaka 16, alibaki Taganrog ili amalize shule. Aliishi katika nyumba ileile iliyokuwa yao, sasa akiwa kama mgeni; alimfundisha mpwa wa mwenye nyumba mpya, naye akapewa chakula na mahali pa kulala. Alifundisha pia watoto wa familia nyingine, na alikamata ndege wadogo waimbaji na kuwauza. Aliuza vitu vya nyumbani vilivyobaki, na kila alichoweza kubakiza alikituma Moscow pamoja na barua za kuwachangamsha wazazi wake.

Miaka hiyo mitatu ilimkomaza mapema. Katika kipindi hicho aliandika tamthilia ndefu, lakini kaka yake Aleksandr alipoisoma hakuisifu.

Mwanafunzi wa udaktari

Chekhov alimaliza shule mwaka 1879 akapata msaada wa masomo kutoka mji wa Taganrog wa rubli 25 kwa mwezi. Mwaka huohuo alikwenda Moscow na kujiunga na kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moscow. Aliikuta familia ikiishi katika vyumba vya chini ya ardhi. Baba alikuwa na kazi ya mshahara mdogo, na kaka zake wawili, ingawa walikuwa na vipaji vya uandishi na uchoraji, walikuwa walevi na hawakutegemeka. Anton alikuja na wanafunzi wenzake kutoka Taganrog wakawa wapangaji, ili kodi yao isaidie nyumba. Katika muda mfupi yeye, mtoto wa tatu, akawa ndiye kichwa cha familia.

Masomo ya udaktari yalichukua miaka mitano. Yalikuwa na mihadhara, maabara, upasuaji wa maiti na mafunzo wodini. Mmoja wa walimu alioathiriwa nao ni profesa Grigory Zakharyin, aliyesisitiza kwamba daktari amhoji mgonjwa kwa makini kuhusu maisha yake yote, si ugonjwa wake tu. Baada ya kuhitimu, Chekhov alianza kukusanya habari za historia ya tiba nchini Urusi kwa ajili ya tasnifu, lakini hakuikamilisha.

Kuandika kwa malipo

Maandishi yake ya kwanza yanayojulikana yalichapishwa Machi 1880 katika gazeti la vichekesho la St. Petersburg lililoitwa Strekoza, kwa malipo ya kopeki 5 kwa mstari. Rubli moja ilikuwa na kopeki 100, kwa hiyo kisa cha mistari 100 kilimpatia rubli 5.

Jina alilolitumia zaidi ni Antosha Chekhonte, lililotokana na utani wa mwalimu wake wa dini kule Taganrog. Alijiita pia Mdogo wa Kaka Yangu na Mtu Asiye na Wengu. Jina lake halisi alilitunza kwa ajili ya kazi ya udaktari, ambayo aliiona kuwa kazi yake ya kweli.

Mwaka 1882 alianza kuandika katika Oskolki, gazeti lililohaririwa na Nikolai Leykin. Leykin alilipa kopeki 8 kwa mstari, lakini alitaka kila kisa kisizidi mistari 100 hivi, kichekeshe, na kisiwaudhi wakaguzi wa serikali. Chekhov alilalamikia mipaka hiyo, ila ilimfundisha mengi: kuingia kwenye kisa bila utangulizi mrefu, kumwonyesha mtu kwa jambo moja au mawili, na kuacha mengine yafikiriwe na msomaji. Zaidi ya visa 200 vyake vilitokea katika gazeti hilo. Mara nyingi aliandika usiku, nyumba ikiwa na kelele na wageni, akiwa amerudi kutoka wodini.

Baadhi ya visa vya wakati huo bado vinasomwa. Katika Kifo cha Karani (1883), karani mdogo anapiga chafya na kumrushia mate afisa mkubwa katika jumba la michezo. Anaomba radhi tena na tena mpaka afisa anamfukuza kwa ukali, naye anarudi nyumbani na kufa. Katika Kinyonga (1884), ofisa wa polisi anabadili hukumu yake kuhusu mbwa aliyemuuma mtu kila anaposikia habari mpya za mwenye mbwa. Visa hivyo vinachekesha, lakini chini yake kuna woga wa mnyonge mbele ya mkubwa.

Daktari kijana

Chekhov alihitimu mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake cha kwanza cha hadithi. Alifanya kazi katika hospitali ya Chikino, karibu na mji wa Voskresensk, na kwa muda alishika nafasi ya daktari wa hospitali ya Zvenigorod. Huko alitibu wakulima na alitakiwa pia kuchunguza maiti kwa ajili ya mahakama. Kisha alifungua huduma mjini Moscow. Wagonjwa wake wengi walikuwa maskini, na wengi aliwatibu bila malipo. Kwa hiyo fedha za nyumbani ziliendelea kutoka kwenye kalamu.

Mwezi Desemba 1884 alianza kutema damu. Akiwa daktari, alifahamu dalili za kifua kikuu zilivyo, lakini aliwaficha ndugu na marafiki ukweli, akasema si jambo kubwa. Hakukubali kupimwa na madaktari wenzake kwa miaka mingi.

Mwaka 1886

Mwaka 1886 ulibadilisha maisha yake. Aleksey Suvorin, mwenye gazeti la Novoye Vremya la St. Petersburg, alimkaribisha kuandika kwa malipo makubwa zaidi na bila mipaka ya Leykin, akamtaka atumie jina lake halisi. Mwezi Machi alipokea barua kutoka kwa Dmitry Grigorovich, mwandishi mzee aliyeheshimiwa sana. Grigorovich alimweleza kwamba ana kipaji cha kweli, akamsihi aache kuandika kwa haraka. Chekhov alijibu kwa unyenyekevu, akakiri kwamba hakuwa ameichukulia kazi yake ya uandishi kwa uzito na kwamba hakukumbuka hadithi hata moja aliyoitumikia zaidi ya siku moja.

Mwishoni mwa mwaka huo alichapisha Vanka, hadithi ya mtoto wa miaka tisa anayejifunza ushonaji viatu mjini Moscow. Mtoto huyo anapigwa na kulala na njaa, anamwandikia babu yake barua ya kuomba achukuliwe, lakini kwenye bahasha anaandika tu kwamba ni ya babu kijijini.

Mwaka 1888 hadithi yake ndefu, Nyika, ilitokea katika jarida kubwa la fasihi, na Akademia ya Sayansi ilimpa Tuzo ya Pushkin. Hivyo, miaka minane baada ya kisa chake cha kwanza, alitambuliwa kuwa mwandishi mkuu wa kizazi chake.

Maisha ya baadaye

Chekhov hakuuacha udaktari. Mwaka 1890 alisafiri hadi kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mbali ya Urusi, kulikokuwa na wafungwa. Alikaa miezi mitatu, akawahoji wakazi na kujaza kadi zipatazo 10,000, kisha akaandika kitabu kuhusu hali yao. Mwaka 1892 alinunua shamba huko Melikhovo, kusini mwa Moscow. Kipindupindu kilipotishia eneo hilo alisimamia afya ya vijiji 25 bila mshahara. Alijenga shule tatu za watoto wa wakulima na kutuma vitabu vingi kwa maktaba ya Taganrog.

Mwaka 1897 alitokwa na damu nyingi, na ugonjwa haukuweza kufichwa tena. Alihamia Yalta, kwenye hali ya hewa nzuri zaidi. Tamthilia ya Shakwe, iliyozomewa ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1896, ilishangiliwa mwaka 1898 katika Jumba la Sanaa la Moscow. Mwaka 1901 alimwoa Olga Knipper, mwigizaji wa jumba hilo.

Bustani ya Micheri ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi Januari 1904. Inahusu familia inayopoteza nyumba yake kwa sababu ya madeni, na mnunuzi ni mtu ambaye baba na babu yake walikuwa watumwa wa familia hiyo. Chekhov alifariki miezi sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 44, akazikwa Moscow.