Mzee Muhammed Said Abdulla, Baba wa Bwana Msa

Mwaka huu naomba nikusimulieni maisha ya mtu ambaye si wa huku kwetu Malindi wala Kilifi, lakini aliyoyaandika yanatugusa.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alimaliza sekondari mwaka 1938, akaajiriwa mkaguzi katika idara ya afya. Baada ya miaka kama kumi akaingia uandishi wa habari. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 akahariri Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Mimi naona kazi hizo ndizo zilizomtia tabia ya kuchungua, maana mkaguzi na mwandishi wa habari wote hawaridhiki na maneno ya mlangoni.

Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Ndipo tukampata Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Wengi humfananisha na Sherlock Holmes.

Jamani, mmeziona zile filamu za upelelezi za Marekani za miaka ya 1940? Ni usiku mtupu, vivuli ukutani, mpelelezi na sigara yake, na mji umeoza hata humjui wa kumwamini. Mzee Abdulla naye alitumia giza, ila giza lake ni woga wa watu. Maiti inakutwa mzimuni, basi watu wanaiogopa mizimu. Bwana Msa yeye anamtafuta binadamu, na mwisho taa inawashwa, muuaji anaonekana.

Sasa tujitazame. Hapa Kilifi wazee wetu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi chanzo ni ugomvi wa shamba. Mvi zimegeuzwa hatia! Tukiambiwa fulani alikuwa mchawi, tunanyamaza. Kwani hatuwezi kuuliza: hilo shamba sasa linabaki na nani? Huenda tukaona kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee Abdulla alifariki mwaka 1991, akatuachia pia Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974). Wenzangu, visomeni. Halafu mkirudi nyumbani likizo, mkasikia babu wa jirani anatajwatajwa, msikubali kabla hamjauliza.